Mahasimu wa nyumba moja

SUALI: Asalaam alaykum mhariri, ami yangu alokuwa baharia kaniachia kasha la magazeti ya muziki ya Uingereza, NME na Melody Maker, pembe zishaliwa na mende, sasa nashangaa yote mawili ndani yameandikwa IPC, si walikuwa wakigombania wasomaji hawa? Msomaji, Chake Chake.

JIBU: Waalaykum salaam. Wakigombana kweli, ila baba mmoja bwana, hiyo IPC ndo kampuni ilokuwa ikiyachapisha yote mawili! Melody Maker la 1926, NME la 1952, IPC akivuna kwote kwote, wanunuzi walipopungua ndo 2000 akalitia Melody Maker ndani ya NME basi likaisha. Nalo NME likagaiwa bure toka 2015, 2018 likaacha kuchapishwa kila wiki, likabaki mtandaoni, 2019 likauzwa kwa BandLab, kampuni ya muziki ya Singapore. Kasha hilo usije ukampa muuza njugu afungie.