Shangazi, kazini wananiita Nash

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naitwa Ng'washi, Msukuma wa Magu, sasa hivi niko Leeds nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Siku ya kwanza msimamizi aliangalia jina langu akajaribu "Nigi... Eniji..." akaacha, kesho yake nakuta beji imeshaandikwa NASH. Sikusema kitu. Sasa miezi minane naitika Nash. Juzi mama kanipigia videokoli, mwenzangu wa zamu akapita nyuma akaniita, mama akauliza, Nash ndo nani? Nikakosa la kumjibu. Je nikidai jina langu saa hizi si nitaonekana msumbufu? Na hawa watu kweli wataliweza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wataliweza, maana hiyo sauti wanayo na wanaitumia kila siku, wakisema sing, king, long, pale mwishoni ndo ng' yako hiyo hiyo ya ng'ombe. Ila Kiingereza hakina neno linaloanza nayo, kwa hiyo wakiikuta mwanzoni ulimi unatafuta irabu ya kuchomeka, ndo unapata Nigi. Sasa usianze kuwaeleza mambo ya herufi, wape maneno yao wenyewe. Waseme sing, halafu "wa" ile ya mwanzo wa one, halafu she. Sing-wa-she. Warudie haraka haraka, kisha ile "si" ya mbele waimeze. Mimi nilimfundisha hivyo mgeni wetu mmoja Mwingereza jina la mjomba, alikaa kashika kikombe anaimba sing sing sing mpaka chai ikapoa, lakini alilipata.

Wala hauko peke yako, Nguyễn, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi kule Vietnam, linaanza na ng' hiyo hiyo na wenyewe wanahangaika nalo ugenini kama wewe.

Kuhusu usumbufu. Nilisoma bweni moja na Mkikuyu anaitwa Mũthoni, miaka minne namwita Muthoni, th ya thamani na u ya kwetu, na yeye anaitika vizuri tu. Siku ya kufunga shule mama yake kaja kumchukua, akamwita kutoka getini, nikasikia kitu karibu na Modhoni, maana ile ũ yao inaelekea kwenye o na th yao ni dh ya dhahabu. Yule binti aligeuka na uso ambao sijawahi kuuona nikimwita mimi. Mpaka leo inaniuma, miaka minne hakuniambia, na mimi ningependa sana angenisumbua!

Kwa hiyo sema mwanangu. Tena angalia na maandishi, ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti inayosomwa na mashine inapokea A mpaka Z, namba na alama ya < tu, kile kialama chako cha juu kinadondoka, na bila hicho hata Mswahili mwenzio atasoma Ngwashi kama ngoma. Usiache wanakili kutoka huko. Anza na huyo mwenzako wa zamu, mfundishe taratibu mpaka azoee, ndo uende kwa msimamizi kuomba beji mpya, jina umeliandika mwenyewe kwenye karatasi na kialama chake kipo.