Stoo imejaa, na nusu ya vitu si vyetu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaopanga nyumba moja kwa pamoja na sasa hawana pa kugeukia kwa vitu vilivyojaa ndani. Nimezijibu zote nikishikilia jambo moja: unachompa mtu kiwe chako na kiwe kinafaa. Kisichofaa kina njia yake.

Dada, tunaishi watatu. Stoo imejaa vitu vya wenzetu waliohama zamani: sanduku, feni, boksi la vitabu, viatu. Tugawe tu?

Msigawe bado. Mtu akihama, mali yake haijawa yenu. Toeni kila kitu nje, mkipige picha kimoja kimoja, kisha mmtumie mwenyewe na kumpa tarehe ya mwisho. Wiki mbili zinatosha. Mkumbusheni tena siku tatu kabla, na ujumbe wote muutunze, maana atakayekuja kuuliza feni yake mwakani atataka kujua aliambiwa lini. Angalieni pia sheria za mahali mnapoishi na mkataba wenu wa upangaji kuhusu mali iliyoachwa.

Kabla hakijatoka kitu, pekueni. Fungueni kila zipu ya sanduku, ingizeni mkono kwenye mifuko ya makoti, shikeni kila kitabu kwa jalada mkitikise kurasa zikining'inia chini. Humo ndimo watu huweka vyeti, picha za wazazi, barua. Vitu vya namna hiyo havigawiwi wala havitupwi hata mwenyewe akinyamaza. Viingie kwenye bahasha yenye jina lake, ikae mahali mnapopajua wote watatu.

Nina droo nzima ya chaja, nyaya na simu za zamani. Simu moja imevimba mgongo hadi kifuniko kimeachana na kioo. Nianzie wapi?

Anza na hiyo iliyovimba, leo hii. Betri za simu ni za lithiamu, na uvimbe huo ni gesi iliyojikusanya ndani. Usiichaji, usiibonyeze kifuniko kirudi, usiitoboe. Iweke peke yake juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na karatasi, kisha ulizia fundi wa simu au kituo kinachopokea taka za elektroniki namna ya kuifikisha. Pipa la taka ni mahali pabaya kabisa pa kuiweka. Gari la taka hukandamiza mzigo, betri hupasuka na moto huanzia hapo, katikati ya watu wanaofanya kazi.

Simu zilizo nzima mpe mtu, ila kwanza toka kwenye akaunti yako, halafu ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukigeuza mpangilio huo, simu nyingi humwomba mpokeaji nywila yako, naye hana. Laini na kadi ya kumbukumbu vitoe.

Chaja zisome maandishi madogo ya mgongoni, volti na ampea, uifunge kila moja na kifaa chake. Nyaya zilizobaki zina shaba ndani, kwa hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu huzitaka. Msizichome wenyewe kuitoa hiyo shaba! Moshi wa plastiki ile ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto wa jirani.

Chupa na makopo ya plastiki yana pembetatu yenye namba. Ina maana yote yanarejelezwa?

Hapana. Namba hizo, 1 hadi 7, zilianza kutumika Marekani mwaka 1988 kutaja aina ya plastiki tu. Chupa za maji ni 1, madumu na chupa za sabuni mara nyingi ni 2, na hizo ndizo hupokelewa sehemu nyingi. Namba 6 na 7 hukataliwa mara nyingi. Muulize anayekusanya kwenu anachukua zipi, uzisuuze na kuzikausha. Na bakuli la kioo la kuokea usilichanganye na chupa za kioo. Huyeyuka kwa joto tofauti na huharibu mzigo mzima.

Mwenzetu anataka kumpa mtu godoro lake. Mimi nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una msingi. Chukueni tochi, mfuate mishono yote na pembe nne. Mkiona vidoa vyeusi kama vya kalamu, au magamba membamba ya rangi ya kahawia, hao ni kunguni, na godoro hilo lisiende kwa mtu. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula. Mkilitoa nje, lichaneni na mliandike kwa herufi kubwa, asije mtu akalibeba usiku akidhani amebahatika.

Ninayeishi naye haachii kitu. Kila kitu "kitafaa siku moja". Nikitupa akiwa kazini atagundua?

Usifanye hivyo. Atagundua, na tangu siku hiyo atafunga mlango wake kwa kufuli. Kubalianeni nafasi: chumbani mwake ajaze apendavyo, sebuleni na jikoni kinakaa mnachokitumia wote.

Naona aibu kumpa mtu kitu chenye kasoro. Bora nitupe?

Itaje kasoro, halafu mwache aamue. Andika kwenye karatasi, uibandike: "Feni. Inazunguka, kasi ya tatu haifanyi kazi, mguu umeungwa kwa gundi." Lakini pasi au birika la umeme lenye waya uliochubuka lipite kwa fundi kwanza. Fundi akisema halitengenezeki, mwachie alitoe vipuri.