Barua kwa mwanangu kuhusu ardhi, wosia na usawa

Chamwino, Dodoma

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umekuwa ukisoma habari za Wamarekani weusi, maandamano yao, na Sheria ya Haki za Kiraia ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Julai 1964. Kisha ukaniuliza: sisi sheria yetu ya usawa ilipatikana lini, na nani aliipigania?

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ukarani wa mahakama ya mwanzo, kwa hiyo swali lako limenigusa. Mwanangu, sisi hatuna siku moja ya kuitaja kama wao. Usawa wetu umepiganiwa kesi moja moja, na waliobeba mzigo mkubwa ni wanawake, wengine wazee wa vijijini ambao watu wachache sana wanayajua majina yao. Hata Marekani, kabla ya ile sheria, kulikuwa na wazazi waliokwenda mahakamani kwa ajili ya shule za watoto wao, mpaka Mahakama ya Juu ikasema mwaka 1954 kwamba kutenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila orodha ya haki za raia ndani ya katiba. Viongozi walihofia kwamba ingewafunga mikono wakati wa kujenga nchi, na majaji wa wakati ule wengi walikuwa wageni. Hofu hiyo naielewa, ila gharama yake waliilipa wanyonge. Mwaka 1963 serikali ikaandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mtoto wa kike akawekwa daraja la tatu katika urithi, nyuma ya kaka zake. Ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mjane aliachwa atunzwe na watoto wake. Nimewaona wajane wakitoka mahakamani na vitenge vyao tu, na iliniuma, maana karatasi zenyewe nilikuwa nazipanga mimi.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba kwa mabadiliko ya 1984. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hata hivyo mahakama zilizuiwa kuzitumia hadi Machi 1988, ili serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zake.

Sasa sikiliza habari ya Bibi Holaria Pastory wa Muleba, kule Kagera. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ilikuwa Agosti 1988, miezi mitano tu tangu kizuizi kile kiishe. Kesho yake mwanaukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri: mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubali, ikamwamuru bibi arudishe fedha. Mahakama ya wilaya ikapindua uamuzi huo kwa kutumia Katiba. Ephrahim akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Ukoo ulibaki na nafasi ya kuikomboa kwa kulipa hizo laki tatu, kama ambavyo ungefanya kama muuzaji angekuwa mwanamume. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa kubwa kuliko nyingi zinazotajwa redioni. Bibi yule hakuwa mwanaharakati. Alitaka kula na kutibiwa kwa mali ya baba yake.

Wako wengine. Mwaka 1983 Bi Hawa Mohamed alifika Mahakama ya Rufani, ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuondoka na mgawo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, binti wa hapahapa Dodoma, alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Na usidhani njia ilinyooka: wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga zile sheria za 1963, mahakama zetu hazikuwapa nafuu, mpaka mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema haki zao zilivunjwa. Hilo bado linanikasirisha.

Lakini sheria za ardhi za 1999, zilizotungwa na Bunge, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ile ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima, na inataka baraza la ardhi la kijiji la watu saba liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Ndiyo maana shamba la zabibu la Mvumi naliombea hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yenu watatu, wewe na kaka zako, kwa sehemu sawa. Kaka zako wamekubali. Baba yako mdogo ananung'unika kwamba ukiolewa litahamia ukoo mwingine. Nimemwambia alete hoja yake kikaoni, nami nitaijibu mbele ya wote. Nitumie namba yako ya NIDA na picha ndogo mbili wiki hii, kwa sababu halmashauri ya kijiji inakaa mwezi ujao, na ukipata ruhusa kazini uje usaini mwenyewe.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako