Maswali yenu kuhusu 5G: simu, bando, mnara na kichuguu

Wiki mbili hizi nimepokea maswali mengi ya 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, mengi yakiwa ni ya hela na machache ya hofu. Nimechagua saba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni bodaboda, Tabata. Simu yangu ni ya 4G na haina shida. Wenzangu kijiweni wanasema nimeachwa, ninunue ya 5G. Ni kweli?

Hapana kaka, usinunue kwa sababu hiyo. Ramani, WhatsApp, programu ya kuita abiria na kupokea malipo, vyote hivyo 4G inavimudu vizuri. Subiri simu yako ife, au kioo kipasuke fundi akutajie bei ya kukuliza. Hapo chukua ya 5G kama mfuko unaruhusu, kwa sababu simu nzuri hukaa miaka mitatu minne na minara inaongezeka. Vodacom walizindua 5G hapa nchini Septemba 2022, na mwezi uliofuata TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakapiga mnada masafa mapya, yaani nafasi za mawimbi ya redio ambazo kampuni za simu hutumia.

Jihadhari na simu za mtumba kutoka nje. Nyingine zina 5G ya masafa yasiyotumika kwetu. Nunua ukiwa mtaa wenye 5G, chomeka laini yako palepale dukani, na usitoe hela mpaka uione ikikamata.

Saa kumi alfajiri intaneti inapaa. Saa mbili usiku video inazunguka tu. Je, 5G italimaliza hili? (Mwanafunzi wa chuo, Kinondoni)

Hili ndilo swali nililolingoja, maana ndani yake mna habari yote ya 5G.

Mnara ni kama bomba la mtaa. Alfajiri uko peke yako na ndoo yako. Saa mbili usiku mtaa mzima uko kwenye foleni: mwenye mpira, mwenye tamthilia, mwenye kupiga simu ya video kwa ndugu yake Muscat. Katika 4G, njia moja ya redio ina upana usiozidi MHz 20 (megahezi, kipimo cha mawimbi ya redio). Katika 5G, kwenye masafa ya karibu 3500 MHz, njia moja inaweza kufika MHz 100. Bomba limepanuka mara tano. Zaidi ya hapo, antena za 5G zinaweza kuelekeza mawimbi kwa kila simu badala ya kuyamwaga mtaa mzima. Kwa hiyo ndiyo, foleni inapungua, na nadhani hii ndiyo faida kubwa ya 5G mijini kwa sasa. Zile kasi za ajabu za kwenye matangazo ni za maabara.

Lakini bomba la mtaani linapokea maji kutoka kwenye bomba kuu. Mnara uliofikiwa na mkongo, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha intaneti, una maji ya kutosha. Mnara unaotegemea lile sahani la redio linalotazamana na mnara mwingine unaweza kubandikwa antena mpya za 5G na usiku mambo yakabaki yaleyale. Na nyuma ya mkongo wa nchi kavu kuna nyaya za baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania, Kenya na majirani walikaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa, na mwenye simu ya laki tatu na mwenye ya milioni tatu walikuwa hali moja. Kwa hiyo kampuni ikitangaza minara mipya ya 5G, mimi huuliza kwanza ni mingapi imefikiwa na mkongo. Nanyi ulizeni hivyo.

Nina duka la stationery Sinza. Nichukue ruta ya 5G au nivute mkongo?

Mkongo ukifika mlangoni kwako, vuta mkongo. Hauyumbi mvua ikinyesha na hauna foleni ya mnara. Usipofika, ruta ya 5G ni mbadala mzuri kweli. Kule Nairobi, ruta hizi zimekuwa njia mojawapo kubwa ya 5G kuingia majumbani: nyumba na ofisi ndogo zinalipia kwa mwezi kulingana na kasi.

Ukishanunua, angalia unapoiweka. Mwezi uliopita nilikuwa kwa rafiki yangu mwenye kazi kama yako. Analalamika ametapeliwa. Ruta ilikuwa chini ya meza, nyuma ya mashine ya fotokopi, ukuta wa tofali mbele yake. Masafa ya juu hayapendi ukuta, wala chuma. Tukaipandisha dirishani upande wenye mnara, tukashusha kalenda iliyoziba kioo. Mteja alikuwa anasubiri bango la harusi lishuke kutoka kwenye barua pepe. Likashuka kabla hajatoa noti mfukoni. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akaomba msumari wa kuiwekea rafu.

Soma pia masharti ya kifurushi. Vingi vinavyoitwa havina kikomo hupunguzwa kasi ukishapita kiasi fulani cha GB.

Ni kweli 5G inakula bando haraka? (Mama lishe, Buguruni)

Dada, video ileile kwa ubora uleule inakula bando lilelile. Kinachotokea ni kwamba programu zikiona kasi ni nzuri, zinakupandishia ubora bila kukuuliza. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, saa moja ya ubora wa kawaida inafika GB 1, na ya HD inafika GB 3. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube, chagua ubora wa chini ukiwa kwenye bando, na bando litakaa. Chaji ikiisha mapema kwa sababu 5G ya mtaani kwenu inakuja na kutoweka, irudishe simu kwenye 4G.

Wamejenga mnara nyumba ya tatu kutoka kwetu, na nina mtoto mchanga. Nihame? (Temeke)

Usihame, mama. Naielewa hofu yako. Mawimbi ya simu, ya 2G hadi 5G, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya X-ray. Kinachoweza kutokea yakizidi ni joto, na kwa ajili hiyo kuna viwango vya kimataifa vya ICNIRP, tume ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, vilivyopitiwa upya mwaka 2020. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda yakasababisha saratani", yaani ushahidi ulikuwa mdogo na utafiti uendelee. Yale maneno ya 5G kuleta korona, yaliyofanya watu wachome minara Uingereza mwaka 2020, ni uongo.

Tena mara nyingi simu iliyo sikioni inakupa mawimbi mengi kuliko mnara, na inaongeza nguvu pale mtandao unapokuwa hafifu. Unaponyonyesha, weka simu mezani.

Mimi ni mstaafu, Songea, nina kitochi. Watanizimia?

Shikamoo mzee wangu. Sioni likitokea karibuni. *150*00# ya M-Pesa haihitaji intaneti kabisa, inapita kwenye mtandao wa simu wa kawaida, na kampuni ikizima 2G, mtandao unaotumiwa na vitochi, leo itakuwa imewafungia mlango wateja wake wa pesa. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, na hata kwetu naona 3G ndiyo itakayotangulia kuondoka. Endelea na kitochi chako. Siku kikifa, mjukuu akutafutie chenye 4G, vipo vya vitufe.

Nafundisha shule ya kata. Kutuma matokeo lazima nipande kichuguu. 5G inatuhusu nini?

Mwalimu, kwa sasa haiwahusu. Mnachodai ni 4G, na mna haki ya kuidai. Mawimbi ya 3500 MHz hayafiki mbali, ndiyo maana yanafaa mjini penye watu wengi. Yanayofika mbali ni ya chini kama 700 MHz, ambayo nayo yalikuwa kwenye mnada wa 2022. Inaniuma kuona jiji likipata kizazi cha tano wakati mwalimu anainua simu juu kama anayetafuta mwezi.

UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliundwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni haioni faida. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji, na diwani apate nakala. Tajeni vitongoji, idadi ya kaya na wanafunzi, kama umeme umefika, na mtandao unakamata wapi. Kichuguu nacho kitajeni, na umbali wake kutoka shuleni.