Bentall au David kwa mwenye Marfan?

Dada, umesema una Marfan (ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu za mwili), miaka 28, mzizi wa aota, yaani mwanzo wa mshipa mkuu utokao moyoni, umetanuka lakini vali, mlango wa damu uliopo hapo, bado nzima, na unatamani mtoto. Mimi ningeulizia kwanza upasuaji wa David: sehemu iliyotanuka hukatwa, linawekwa bomba la kitambaa, na vali yako mwenyewe hushonewa humo ndani. Huhitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha.

Upasuaji wa Bentall, wa tangu 1968, hubadilisha vyote viwili, mzizi na vali. Ukiwekewa vali ya mitambo, ni warfarini kila siku, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya mnyama huchakaa upesi kwa vijana.

David nayo huweza kuvuja baadaye. Muulize daktari, bila haya, ameshafanya David ngapi.