Kumzika asiyejulikana bila kumpoteza

Swali: Tuna kikundi cha kuzika hapa Temeke. Hospitali imeanza kutukabidhi maiti zisizo na ndugu. Tufanye nini ili jamaa wakijitokeza mwaka kesho wampate mtu wao? Na kuna shida tukiwapiga dawa ili wasiharibike tukisubiri kibali? – Katibu

Jibu: Ndugu Katibu, nianze na dawa, maana ndiko wengi wanakoharibu. Msiipige kabla sampuli ya vinasaba (DNA) haijachukuliwa. Formalini, ambayo ndiyo dawa yenyewe, hukatakata vinasaba, na baadaye maabara ikikosa majibu hakuna wa kulaumiwa. Maiti isubiri kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 4 za Sentigredi.

Kisheria, kifo chenye utata, au cha mtu aliyeokotwa tu, ni cha polisi kwanza. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inamtaka aliyeiona maiti atoe taarifa. Kwa hiyo msipokee mwili kwa maneno ya mhudumu wa mochwari. Dai kibali cha kuzika na namba ya jalada la polisi. Vinasaba navyo haviombwi na kikundi; ombi hupita kwa polisi au mamlaka nyingine iliyotajwa katika Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kipimo hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kabla ya kuosha, hakikisheni vitu vitatu vimefanyika: picha (uso wa mbele na wa ubavuni, mwili mzima, makovu, meno, kila moja ikiwa na namba ya maiti ndani yake), alama za vidole na sampuli. Alama zikipatikana, zinaweza kulinganishwa na za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ila mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kawaida hana kitambulisho hicho. Aliyekaa majini, ngozi ya vidole huvuka kama glovu. Msiitupe! Mtaalamu huivaa juu ya kidole chake chenye glovu na kuichapa. Mwili ukishaoza, gego zima lisilozibwa hutoa vinasaba vizuri kuliko nyama.

Kumtambua kwa sura peke yake msikuamini. Uso huvimba, na mwenye msiba huona anachokitafuta.

Nguo zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni huotesha ukungu. Namba iandikwe kwa wino usiofutika kwenye kipande cha plastiki, kimoja kifundoni, kingine juu ya sanda. Kadibodi hulowa kwa umande wa jokofu.

Kaburi liwe la mtu mmoja, kina mita 1.5, nafasi ya sentimita 40 kati ya mwili na mwili wa kaburi la jirani. Kibao cha mbao huliwa na mchwa, cha bati huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwageni zege dogo, mchore namba likiwa bichi, kisha namba hiyohiyo na vipimo vya GPS viingie kwenye daftari lenu, jalada la polisi na ofisi ya afisa afya. Jamaa wakija, msifukue wenyewe: hilo linahitaji amri ya hakimu.