Kimashine cha ATP hakioni vijidudu, kinaona uchafu

Mkuu, umeuliza kama kipo kifaa cha kupima kitanda cha mgonjwa na kukwambia palepale kama kina vijidudu hatari. Nimefanya kazi ya kuzuia maambukizi wodini miaka kadhaa, na jibu langu ni hapana. Hicho ulichoonyeshwa ni kimashine cha ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli za viumbe. Unapangusa sehemu kwa usufi (kijiti chenye pamba nchani), unauchomeka kwenye kimashine, sekunde chache namba inatokea. Ndani yake mna lusiferasi, kimeng'enya cha aina ileile inayomfanya kimulimuli awake. Ikikutana na ATP hutoa mwanga, na mwanga ndio unaopimwa. Tatizo ni kwamba ATP imo kwenye damu, jasho na mabaki ya chakula pia, ilhali virusi havina kabisa. Niliwahi kushtushwa na namba kubwa kwenye meza ya mgonjwa, maabara wakaotesha sampuli, yaani wakaiweka kwenye chakula cha vijidudu waone kitakachokua, hakikuota cha maana. Ulikuwa mchuzi.

Ukitaka jina la kijidudu, otesha. Majibu huchukua siku moja mpaka mbili, na hakikisha kimiminika cha usufi kina kitu cha kuvunja makali ya dawa ya usafi. Bila hicho, dawa inaendelea kuua ndani ya kichupa na unaletewa "safi" ya uongo. PCR, kipimo kinachosaka DNA ya kijidudu, ni ya haraka zaidi, ila husoma hata ya bakteria waliokwisha kufa.

Ila kikubwa ni wapi unapangusa. Tulipata wagonjwa watatu mahututi wenye Acinetobacter, bakteria anayeweza kukaa kwenye sehemu kavu kwa wiki kadhaa. Tukapangusa sakafu, kuta, magodoro: hakuna kitu. Basi nikachukua kigoda, nikakaa pembeni asubuhi nzima nikiangalia mikono tu. Muuguzi anamgeuza mgonjwa, pampu ya dripu inalia, anaibonyeza kwa glavu zilezile. Kila mmoja, kila mara. Nikaingiza usufi kwenye ufa mwembamba unaozunguka kile kitufe cha pampu, na sampuli ya humo ndiyo iliyootesha Acinetobacter. Wafanya usafi walikuwa wamekatazwa kugusa vifaa vya umeme. Wauguzi nao waliamini kufuta pampu ni kazi ya wafanya usafi. Miezi yote hiyo pampu haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo, kama bajeti inatosha kitu kimoja, mimi ningeacha kimashine nikanunua jeli ya alama isiyoonekana kwa macho, na tochi ya urujuanimno (UV) ya kuifichua. Unaweka vidoa kabla ya usafi, unarudi baadaye na tochi kuona vipi vimebaki. Haikwambii kuna kijidudu gani, inakwambia tambara halikufika wapi, na hilo unaweza kulirekebisha siku hiyohiyo. Usiitumie kumkamata mtu, wataanza kuvizia alama zako. Na kwenye reli ya kitanda weka upande wa chini, maana juu hata mvivu hufuta.